Jina Chini ya Kiti

Ofisi ya simu Mpanda ilijaa watu mpaka mlangoni, na ndani ya kibanda kijana mmoja alikuwa anapiga kelele kama vile Dodoma wangemsikia hata bila waya.

"Safu ya saba! Vinalia? Kazeni skrubu!"

Kabula, msichana wa kuunganisha simu, akagonga kioo. "Kaka, punguza sauti. Hata Tabora wameshajua viti vyenu vinalia."

Watu wakacheka. Kijana akatoka, shati la drafti limejaa vumbi la mbao, penseli sikioni. "Nisamehe, dada. Ni ukumbi wa mikutano wa makao makuu ule. Siwezi kuunong'oneza."

Aliitwa Osward, fundi seremala wa Kawajense. Kesho yake alirudi, hana hata simu ya kupiga. Wiki iliyofuata akaja na kigoda cha mninga, kimepigwa msasa mpaka kinateleza.

"Nasikia ukipika unakalia ndoo."

"Nani kakwambia?"

"Nimefanya utafiti."

Ulikuwa mwaka 1996, na Jumapili walionekana wakitembea kuelekea stesheni, Kabula na gauni lake la bluu la madoadoa, Osward akikokota baiskeli ili wasifike haraka. Stori yake ilikuwa ukumbi tu.

"Ulijengwa mbiombio, mpenzi. Msimamizi wetu alikuwepo. Anasema palikuwa vichaka na upepo, na wajumbe wa kwanza waliingia rangi haijakauka. Mmoja akasimama kuchangia hoja, suruali ikabaki kwenye kiti."

"Muongo wewe!"

"Haki ya Mungu. Miaka kumi baadaye viti vikachoka, ndio wakatuita sisi na mninga wetu. Safu ya saba yote ni mkono wangu. Wakubwa wa nchi wanakalia kazi yangu, we unaninyima hata soda yako nionje."

Kabula akampa chupa. Moyo wake ulishaondoka zamani.

Mwezi wa nane shangazi yake, Monika, akachaguliwa kwenda Dodoma kwenye mkutano wa kina mama. "Shangazi, ukae safu ya saba," Kabula akamwambia kwa maringo.

Siku ya tatu simu ikalia.

"Kabula, umekaa?"

"Nimekaa, shangazi."

"Nimeangusha kalamu, nikainama. Chini ya kiti kimechongwa DOROTEA. Nikachungulia cha jirani, Dorotea. Safu nzima, mwanangu! Huyo Dorotea ni nani?"

Kabula akachomoa waya wa simu.

Nyie mabinti, hapa ndipo mnapokosea. Jambo la kuuliza kwa dakika moja mnalifungia kifuani mwezi mzima. Osward alipokuja dirishani aliambiwa, "Foleni ni kule." Akaleta ndizi, zikarudishwa. "Nimekosa nini, Kabula?" "Foleni ni kule, kaka." Na usiku Kabula akaandika barua ya kuomba uhamisho wa Tabora. Treni ya Jumatatu ingeibeba.

Jumamosi akafunga kigoda nyuma ya baiskeli akakipeleka Kawajense. Osward hayupo. Mama yake alikuwa uani anapepeta maharage.

"Shikamoo, mama Osward."

"Marahaba, mwanangu. Mbona kigoda kimerudi? Kimevunjika?"

"Kizima, mama." Alitaka kuaga tu, lakini neno likamtoka. "Mama, Dorotea ni nani?"

Ungo ukasimama. Yule mama akamtazama kama mtu aliyeitwa kutoka mbali.

"Nani kakwambia jina hilo? Tangu nimzae Osward hakuna mtu wa kuniita hivyo. Hata padri ananiita mama Osward."

"Ni... wewe?"

"Mimi, kwani nilizaliwa sina jina?"

Kabula akakaa chini, juu ya kigoda chenyewe, akamweleza yote. Mama akakumbuka mwanawe alivyosimulia: msimamizi aliagiza kila fundi achonge jina chini ya kazi yake, kiti kikilegea ajulikane wa kuitwa. Na mafundi wenye jina la Osward walikuwa wawili. Kumbe huyu wa Mpanda aliweka jina la mama yake.

"Hakuniambia," mama akasema, akijifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Safu nzima? Mimi ambaye sijafika hata Tabora!" Kisha akacheka mpaka maharage yakamwagika.

Osward akawakuta wanayaokota.

"Leo foleni ni wapi?" akauliza kutoka mlangoni.

"Njoo hapa, mjinga wewe. Kwa nini hukusema?"

"Nani alinipa nafasi? Kigoda chenyewe umewahi kukipindua?"

Kabula akakipindua. Chini palichongwa MAMA, halafu pengo refu, halijaandikwa kitu.

"Hapo jina la mtoto tutajaza wote," Osward akasema. "Kama utakubali niende kwa baba yako kule Sibwesa. Ng'ombe za mahari atazitaja, na mimi nitachonga mpaka zitimie."

Kabula akachomoa ile penseli sikioni mwa Osward. Juu ya MAMA akaandika kwa herufi kubwa, KABULA.

"Chonga hili kwanza. Na uwe unaniita hivyo mpaka niote mvi. Nisije nikapotelea kwenye viti."

"Ndiyo, Kabula."

"Tena."

"Kabula wangu."

"Haya, nenda Sibwesa."

Mama Osward akaomba karatasi ya kuwashia jiko. Kabula akafungua mkoba, akamkabidhi barua ya Tabora.

"Chukua, mama yangu Dorotea."