Ngoma ya Mchumba Wangu Ilihesabiwa Kuwa Kura

Nina miaka ishirini na mitatu. Shule niliishia darasa la saba, mengine nimejifunza kwenye magazeti ya kufungia maandazi. Hata mkasa huu nimeuandika upya mara nyingi... nikiona kosa moja silali!

Baba alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha ushirika cha kuchambua pamba, hapa Bariadi. Ikaja habari kwamba Bunge litaamua kama wafanyabiashara binafsi waruhusiwe kununua pamba. Wakulima wa kijiji cha Kasoli walitaka, maana ushirika uliwachelewesha malipo. Sisi wa kiwandani tuliogopa njaa, maana pamba ikienda kwa wengine kiwanda kitakosa kazi. Wafugaji walitucheka: "Pamba yetu sisi ina mikia!"

Mbunge akatangaza atakuja uwanjani kutusikiliza, kisha apige kura tunavyotaka.

Baba ndiye angetusemea. Nilimwandikia hotuba safi. Lakini kwetu mkutano bila ngoma hauna watu, na mchumba wangu Luhende alikuwa manju, kiongozi wa ngoma anayefuatwa kila mahali. Aliniapia atacheza upande wetu.

"Kabula, baba yako ni baba yangu," aliniambia.

Siku ilipofika... Luhende alikuwa upande wa pili, mbele ya gari la mfanyabiashara aliyengoja kununua pamba, shati jipya, chatu wake wa ngoma shingoni! Watu wakahama kumfuata, kama kwenye mashindano yetu ya ngoma, ambako mshindi ni aliyevuta watu wengi. Wakulima, wafugaji, hata wake wa wafanyakazi wenzake baba!

Na mimi? Nilikwenda nimtukane. Nikasimama. Nikatazama. Jamani, miguu yangu ikaanza kucheza!

Baba alisoma hotuba yangu mbele ya viti vitupu. Mbunge akamkatiza: "Mzee, wapiga kura wangu nawaona walipo."

Akaenda Bungeni, akapiga kura hivyo. Kiwanda kikafungwa. Wanunuzi walilipa vizuri msimu mmoja, kisha bei ikaanguka, Kasoli nao wakalia. Luhende alioa binti wa mwenye gari.

Baba bado anavaa ovaroli kila asubuhi, anakaa mlangoni. Nikimwamkia, "Mwangaluka, baba," anaitikia bila kunitazama. Aliniona kule...

Wasomaji wenzangu, nawasihi! Mbunge akija kwenu, simameni kwa yule anayewasemea, hata kama anachosha. Atakayesimama kwingine atahesabiwa huko huko, awe amekwenda kutazama tu.

Mimi nilihesabiwa dhidi ya baba yangu mzazi. Nani atanitoa kwenye hesabu ile?