Kuku Mweupe na Karai la Maji

Kila asubuhi, kabla ya kula mkate wake wa jibini, Wietske alikwenda bandani kumsafisha kuku wake miguu. Alikuwa kuku jike mkubwa, mweupe, mwenye manyoya mazito yaliyoshuka mpaka vidoleni kama suruali ndefu. Wietske alimwita Baukje, jina la shangazi yake mnene, na shangazi alikuwa bado hajamsamehe.

Kijijini kwao, katika jimbo la Friesland, mwisho wa kila kiangazi, watu hupeleka kuku wao kwenye maonyesho. Mwaka uliopita mwamuzi alimtazama Baukje mgongoni akasema, "Huyu si mweupe. Huyu ni siagi." Ukumbi mzima ukacheka. Jua hugeuza manyoya meupe kuwa ya manjano, na matope huharibu yale ya miguuni. Kila mfugaji pale anajua hivyo. Basi mwaka huu Wietske alimfungia Baukje bandani tangu mwezi wa sita. Alitundika magunia madirishani na kumwaga maranda makavu sakafuni. Safari hii utepe wa mshindi wa kwanza ungekuwa wake.

Wiki ya maonyesho ilipofika, joto nalo likafika. Lami ililainika barabarani. Ng'ombe walisimama mferejini hawataki kutoka.

Jorrit, mtoto wa jirani aliyesoma naye darasa moja, alisimamisha baiskeli mlangoni mwa banda. Kuku wake yeye walikuwa wa kahawia, na walizurura bustanini wakijichimbia udongo wa baridi.

"Shangazi Baukje kafungwa kwa kosa gani?" aliuliza. "Kaiba jibini?"

"Nenda zako! Kuku wako wanafanana na viatu vikuukuu."

"Viatu vinavyopumua," alisema Jorrit, akaondoka akipiga mluzi.

Wietske alirudi ndani akiwa na hasira. Baukje alikuwa akitweta, mdomo wazi, mabawa ameyaachanisha na mwili. Mahindi aliyopewa hakuyagusa. Wietske alichukua chupa ya kunyunyizia maua akamnyunyizia maji mgongoni. Banda likajaa mvuke kama jikoni siku ya kuchemsha nguo, na kuku akazidi kutweta. Alipomwekea bakuli la maji, Baukje aliingiza miguu yote miwili. Wietske alimtoa, akamkausha kwa taulo. Baukje akaingia tena.

"We kuku una nini?" Wietske alifoka. "Nahangaika hivi kwa ajili yako, halafu unanifanyia makusudi!"

Akaliondoa bakuli, akaweka kopo jembamba ambalo mguu wa kuku haungeweza kuingia.

Mama yake, Gryt, alipita na magwanda yake ya kukamulia. "Wietske, fungua mlango huo. Mtoe akae kivulini chini ya mtufaha, umpe na karai la maji asimame humo."

"Mama! Nje, kwenye matope, halafu majini? Si bora nimnyonyoe kabisa?"

"Hebu nijibu vizuri."

Lakini lori la maziwa lilikuwa likipiga honi uani, na mama akaenda haraka.

Alhamisi mchana Wietske na Jorrit walikwenda kuogelea mferejini. Wietske alizama mpaka shingoni, akafumba macho kwa raha.

"Na shangazi je?" Jorrit aliuliza.

"Yuko kivulini."

"Kile ni kivuli au ni oveni?"

Wietske alimrushia maji usoni. Alitaka kucheka, kicheko kikakataa. Alikumbuka miguu miwili ndani ya bakuli. Akatoka majini, akapanda baiskeli bila viatu.

Alimkuta Baukje amelala ubavu juu ya maranda, mabawa yametanda, macho ameyafumba. Kopo lilikuwa limeanguka, maji yote yamemwagika.

"Mama! Mama, njoo!"

Gryt alikuja mbio. Alimbeba kuku hadi chini ya mtufaha, akavuta karai na kulijaza maji ya kisima. Wietske alikwishainua ndoo ammwagie mgongoni.

"Acha! Manyoya yale ni kama koti la mvua, maji hayafiki kwenye ngozi. Joto lake litokee miguuni. Mtie miguu majini."

"Yataharibika, mama. Na maonyesho ni Jumamosi."

Mama alimsogezea karai.

Wietske alimshika Baukje kifuani, akamshusha polepole mpaka miguu ikazama. Manyoya aliyoyafuta kila asubuhi yalielea kidogo, kisha yakashikana na tope lililokuwa ndani ya karai. Alimshikilia hivyo mpaka mikono ikamfa ganzi. Hatimaye jicho moja lilifumbuka. Baukje akainamisha kichwa, akanywa.

Tangu hapo mlango wa banda ulibaki wazi, na magunia yakaondolewa. Mahindi alipewa jioni, jua likishapoa. Karaini Wietske aliweka chupa za maji yaliyogandishwa, na Baukje alisimama kati ya chupa hizo akiwa ametulia kama bibi aliyeko ufukweni.

Ijumaa usiku mvua ya radi ilipunguza joto, na Jumamosi Wietske alimpeleka maonyeshoni ndani ya kikapu. Mwamuzi aliinua mguu mmoja. "Miguu hii imefanywa nini?"

"Ilisimama majini, bwana. Joto lilitaka kumwua."

"Ulifanya vyema," alisema mwamuzi. "Lakini mimi hapa natoa alama za manyoya." Akamweka wa mwisho. Kuku wa kahawia wa Jorrit akapata utepe wa pili.

Nyumbani Wietske aliitupa baiskeli ukutani. "Miezi mitatu, mama! Miezi mitatu bure!"

Gryt alikaa kizingitini, akamvuta kando yake. "Miezi mitatu ulitunza manyoya, mwanangu. Mwenye manyoya alikuambia shida yake kwa miguu yake mwenyewe, ukamnyang'anya bakuli. Mimi nami niliona, nikasema mara moja tu, nikakimbilia maziwa. Mnyama tukimfuga, tumtazame yeye kwanza, utepe baadaye."

Wietske aliinuka. Alifungua kikapu. Baukje alitoka, akajikung'uta, akapita juani moja kwa moja mpaka karaini, akaingia kwa miguu yote miwili.

Hakuna aliyemtoa.