Mkono wa Mnyongaji

Glavu ya chuma ilikuwa na joto.

Aliyegundua ni Domo, kwa sababu Domo hakuwa mtoto wa kuambiwa "tazama bila kugusa" akasikia. Kioo cha kabati kilikuwa kimeondolewa, na mhudumu wa makumbusho alikuwa akikifuta huku akiwaeleza watoto kwamba zamani, kabla mji haujawa mji wa chuo kikuu na wasomi wake, glavu ile ilivaliwa na mnyongaji.

"Watu walisema ndani yake linakaa jini," akaongeza. "Lakini msiogope. Kwa makelele yenu haya, hata jini lingehama."

Darasa zima likacheka. Domo akachomeka mkono.

"Mwalimu, ina joto! Kama mtu kaivua sasa hivi!"

"Toa mkono, mwanangu. Taratibu, usiiangushe."

Mwalimu hakuwa mtu wa kupaza sauti. Nywele zake zilikuwa zimeota mvi mbele ya ubao, na safari za namna hii aliziongoza kwa kanuni moja tu: kila mtoto amshike mwenzake mkono, na asimwachie mpaka aambiwe. Kwa kanuni hiyo hakuwahi kupoteza mtoto. Na leo alikuwa na sababu zaidi ya kuishikilia, maana mkiani mwa mstari alikuwamo Kidoti, mjukuu wake, mtoto pekee aliyeachiwa na marehemu binti yake.

Domo akashikana na Kipa, mlinda mlango wa timu ya darasa, mwenye viganja kama sahani. Walipovuka barabara kwenda maktaba, wanafunzi wa chuo wakiwapita kwa baiskeli, Mwalimu alisikia harufu ya nywele zilizoungua. Akageuka. Domo alikuwa akitembea kimya. Hilo ndilo lililomshtua, kwani Domo huongea hata akiwa na maji mdomoni.

Ndani ya maktaba, kati ya meza ndefu na taa za shaba, Kipa alimvuta Mwalimu sketi.

"Mwalimu, mwambie aniachie," alinong'ona, machozi yakimlengalenga. "Ananibana."

"Domo, mlegezee mwenzako. Na wewe vumilia kidogo, baba. Hapa watu wanasoma. Msiachiane."

Ndipo ukasikika mlio kama wa kijiti kikavu. Kisha mwingine. Vidole vya Domo vilikuwa vikipinda kinyume, kimoja baada ya kingine, bila mtu kuvigusa, na Domo akapiga yowe lililowainua wasomaji wote vitini. Kipa hakulia tena. Alisimama akitabasamu. Mkutubi alipofika, kidole mdomoni, kuwanyamazisha, Kipa alinyakua taa ya mezani akampiga nayo usoni, akampiga tena akiwa ameshaanguka, na damu ikarukia kurasa za kitabu kilichokuwa wazi.

"Kipa! Weka chini!"

Akaiweka chini kwa adabu, kama mtoto mtiifu.

Dereva wa basi, aliyekuwa akisinzia mlangoni, aliingia mbio akambeba Domo. Mwalimu akafanya lile alilolifanya maisha yake yote. "Shikaneni!" akawaambia watoto. "Kila mtu ashike mkono wa mwenzake, twende kanisa kuu, basi liko pale!" Watoto waliojaa hofu walidaka mkono wowote uliokuwa karibu, wakavuka uwanja kwa mstari mrefu unaolia, na kwa kuwa Kipa alikuwa amebaki wa mwisho, aliyemdaka ni Kidoti.

Kanisa kuu lilikuwa tupu, na njia ya kwenda kwenye basi ilipita katikati yake. Walifika nusu tu. Kipa alimrusha Kidoti juu ya benchi kama mwanasesere, akamvuta, akamrusha tena, mabenchi yakianguka na mwangwi wake ukipanda hadi darini, na harufu ile ya nywele zilizoungua ikajaa pote, nzito kiasi kwamba watoto walitapika wakikimbia. Kisha vidole vya Kipa navyo vikalia kama vijiti vile vile, akaanguka akiugulia, akawa Kipa tena, mtoto wa watu mwenye mkono uliovunjika. Kidoti akainuka. Mkono wake mdogo wa kulia ukapanda polepole, ukamkaba koo lake mwenyewe.

"Bibi," alikoroma. "Bibi, si mimi."

Mwalimu aliuona ukweli wote kwa mara moja. Mkono uliovunjika jini halikai, hutafuta mzima. Nalo hupewa mkono mzima na nani, kama si yeye, aliyewafundisha wasiachiane? Angeweza kuvivunja vidole vya mjukuu wake sasa hivi, hapo hapo. Hakuweza. Alipiga magoti, akapenyeza kiganja chake chini ya vile vidole vilivyokuwa vimeshazama shingoni.

"Huyu bado mdogo," alisema kwa sauti ile ile ya darasani. "Njoo kwangu."

Kidole kimoja cha Kidoti kilivunjika, na mtoto akavuta pumzi. Joto likampanda Mwalimu hadi begani.

"Dereva! Watoe wote!"

Dereva, aliyekuwa ameshamtoa Domo nje na kurudi, alimbeba Kipa begani na Kidoti kifuani, akiwafukuza wengine mbele yake mpaka nje kwenye ngazi, naye Mwalimu akafuata akijikokota, kwa sababu mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika kila kilichokuwa njiani, benchi, nguzo, pazia, na kila alipoubandua uliacha kucha nyuma, kisha ukaruka shingoni kwake, akaung'ata hadi mfupa ndipo ukaachia, na kwa hatua hiyo moja iliyopatikana akavuka kizingiti.

"Umetoka?" Dereva alipaza sauti akiwa huko nje, nyuma ya ubao wa lango, bega lake tayari kwenye mbao nene kuliko godoro. "Mwalimu, umetoka nifunge?"

Alikuwa ametoka mwili wote, isipokuwa mkono.

"Nimetoka," akasema. "Funga kwa nguvu zako zote."

Lango lilijibamiza. Mifupa ilisagika. Yowe lililosikika lilitoka ndani ya kanisa, si kinywani mwake, likazunguka juu darini kama popo aliyekosa tundu, na joto likamtoka begani, likamtoka kiwikoni, likaisha.

"Mungu wangu, mkono wako!" Dereva alikuwa amekuja mbele. "Ngoja nifungue!"

"Usifungue."

"Utakufa, mama yangu!"

"Nimesema usifungue. Leta shoka la kwenye basi."

Watoto wote walikuwa ngazini mbele yake. Domo, Kipa, Kidoti aliyekumbatia kidole chake, wote, hakukosekana hata mmoja. Naye huku akiwatazama, alihisi upande wa pili wa lango vidole vidogo vya moto vikivishika vidole vyake vilivyosagika, kwa upole, kama mtoto anavyomshika mwalimu wake kabla ya kuvuka barabara.

Kisha vikaanza kuvuta.