Picha Kwenye Dari

Kila asubuhi, baba akishaondoka kwenda kwenye tanuri la mikate, Kifungo alikuwa na kazi tatu kabla ya kunywa chai. Ya kwanza ilikuwa kufungua dirisha la chumba cha mama. Ya pili, kumgeuza mama alale ubavu. Ya tatu, kumfunua mgongo na visigino na kuvikagua kwenye mwanga, kama mama mwenyewe alivyozoea kukagua mshono kabla ya kumpa mteja nguo yake.

Jina la Kifungo alipewa na wateja wa mama tangu akitambaa, maana hakuna kifungo kilichoanguka chini ya cherehani asichokitia mdomoni. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na cherehani ilikaa pembeni mwa chumba, imefunikwa shuka. Mama alikuwa ameteleza kwenye ngazi za duka lake akaumia uti wa mgongo. Kuanzia kiunoni kwenda chini hakusikia kitu, baridi wala maumivu. Daktari alisema huenda hisia zikarudi pole pole, ila alisisitiza hilo neno huenda.

"Wewe ukichoka kulala upande mmoja, unajigeuza hata ukiwa usingizini," muuguzi alimwambia Kifungo siku ya kwanza alipokuja nyumbani. "Mwili wa mama yako hauna habari. Kwa hiyo utamgeuza wewe, kila baada ya saa mbili. Ukiacha, ngozi inakufa na kidonda kinatokea. Kidonda kikitokea, hakuna kukaa kwenye kiti."

Akamfundisha kukunja goti la mama na kuvuta shuka la chini, huku mama akijisaidia kwa mikono yake yenye nguvu. Kisha akawaachia kadi yenye visanduku: saa mbili, saa nne, saa sita, saa nane na saa kumi. Kila akimgeuza mama, Kifungo aweke alama ya vema. Shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo ndefu, hivyo mchana ulikuwa wake; baba angefanya zamu za jioni na usiku.

Kukaa kwenye kiti kulipangwa kuanza Jumatatu ya wiki ya tatu. Mama aliingoja hiyo Jumatatu kwa hamu. Cherehani yake ilikuwa ya kuzungusha kwa mkono, haikudai miguu. Akiweza kukaa, ataweza kushona, na akishona atajiona mtu tena. Hivyo ndivyo alivyosema, na Kifungo hakupenda kumsikia akisema hivyo.

Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri. Tatizo la mama lilikuwa upweke. Alijaribu kutazama tamthilia kwenye simu akiwa chali, mikono ikachoka, simu ikamwangukia puani mara mbili. Basi Ijumaa mjomba, ambaye kazi yake ni kutengeneza simu, akaja na kidude kisichozidi kipande cha sabuni.

"Dada, pua yako imeteseka vya kutosha," alisema. "Hii ni projekta ya mfukoni. Unaiunganisha na simu, picha inatokea ukutani."

Aliilaza juu ya vitabu viwili, jicho lake likitazama juu. Kwenye dari palionekana ukungu tu. Mjomba akafunga dirisha na kuning'iniza blanketi juu yake, na hapo dari yote ikajaa watu, rangi na magauni. Mama alicheka kicheko ambacho Kifungo hakuwa amekisikia tangu siku ya ngazi.

"Ina mambo yake," mjomba alionya. "Inataka giza. Inapata joto. Na betri haimalizi saa mbili."

Kuhusu betri, Kifungo alipata dawa siku iliyofuata: aliiacha imechomekwa kwenye umeme tangu asubuhi. Kuhusu giza, blanketi halikuondoka tena dirishani. Akajilaza kando ya mama, wakatazama pamoja. Saa nne ilipofika alisema, "Mama, nikugeuze," na mama akajibu, "Ngoja kwanza, sehemu hii iishe. Nikigeuka nitatazama nini, mto?" Sehemu iliisha ikaja nyingine. Saa sita ikapita hivyo hivyo. Jioni, kabla baba hajarudi, Kifungo alijaza visanduku vyote kwa mkupuo. Baba alikuja na unga kwenye nyusi, akaitazama kadi, akasema, "Mungu akubariki, mwanangu." Maneno hayo yalimchoma.

Kufikia Jumanne mgongo wa mama haukuwa umekaguliwa kwa siku nne. Ungekaguliwa vipi katika giza lile? Baba naye usiku alimgeuza akiwa amefunikwa, kwa kuwa kukagua ilikuwa kazi ya asubuhi. Chumba kilikuwa na joto na mama alitoka jasho. Siku ya Jumatano Kifungo alinusa harufu asiyoifahamu, akajiambia ni blanketi.

Alhamisi, saa tano asubuhi, muuguzi alibisha hodi. Alisimama mlangoni, akakunja pua, akaenda moja kwa moja dirishani na kulivuta blanketi. Picha kwenye dari ikafifia mpaka isionekane. Kisha akachukua kadi.

"Kifungo," alisema taratibu. "Hapa inaonyesha leo saa kumi jioni umeshamgeuza mama. Sasa hivi ni saa ngapi?"

Kifungo alinywea. Asubuhi ile aliona kuweka alama moja moja ni usumbufu, akajaza za siku nzima.

Muuguzi aliweka kadi chini. Alimgeuza mama, akafunua shuka. Chini ya kiuno, juu ya mfupa wa kitako, ngozi ilikuwa imeiva kuwa zambarau, na katikati ilikuwa imefunguka, pana kama kifungo cha koti. Kifungo alitamani kutazama pengine akashindwa.

"Kuna nini?" mama aliuliza. "Mbona mmenyamaza?"

Hakuwa amesikia hata maumivu kidogo. Hilo ndilo lililomliza Kifungo.

"Kidonda," alisema muuguzi. "Jumatatu haipo tena, mama. Tukikiwahi, ni wiki tano au zaidi. Kingeachwa siku chache nyingine, ungelazwa."

Mama aligeuza uso ukutani. Akasema, "Usimgombeze peke yake. Mimi ndiye niliyesema angoje."

"Wote wawili mtanisikiliza. Mlikuwa na taa, mkaimulika dari, na mgongo hakuna aliyeumulika. Na hata gizani, Kifungo, kiganja tu kingekuambia. Ngozi inayoharibika inachemka."

Jioni ile Kifungo alimwambia baba kila kitu, akiwa amesimama. Baba aliishika kadi kwa muda mrefu, vidole vyake vikiacha unga juu ya zile vema. Hakumpiga wala hakumfokea. Alisema tu, "Mimi nilikuwa nalala kwa amani kwa sababu ya kadi hii," akaenda kunawa. Kifungo angependelea kufokewa.

Zikafuata siku nzito. Dirisha lilikuwa wazi, kidonda kikasafishwa kila siku, na mama hakuruhusiwa kulala chali, ila ubavu kwa ubavu. Projekta ilikaa kabatini. Mama hakuiomba wala hakuzungumza sana.

Kifungo ndiye aliyeitoa, wiki iliyofuata. Hakuichomeka kwenye umeme. Mama akiwa amelalia ubavu wa kushoto, aliielekeza kwenye ukuta wa kushoto, dirisha likiwa wazi. Picha ilipauka kama nguo iliyofuliwa mara mia.

"Unaona kitu?" aliuliza.

"Naona nusu," mama alijibu. "Nusu inanitosha."

Baada ya saa moja na nusu betri ilizimika, mtu akiwa katikati ya sentensi. Kifungo akakunja goti la mama, akavuta shuka, akamgeuzia upande wa kulia na kumkagua. Projekta ikapata umeme kidogo, ikahamia ukuta wa kulia.

"Inazimika ili nigeuzwe. Ina huruma kutushinda," mama alisema, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile alitabasamu kidogo.

Wiki ya mwisho ya likizo muuguzi alikikuta kidonda kimefunga, pamebaki kovu jembamba linalong'aa. Alilibonyeza, akaomba kadi. Kidole chake kilishuka mstari kwa mstari kikasimama mahali pamoja.

"Hapa saa nane ni patupu."

"Nilichelewa kwenye foleni ya maji," Kifungo alisema. "Nilirudi saa tisa. Nilimwambia baba."

Muuguzi alimtazama.

"Kadi ya kwanza haikuwa na kisanduku kitupu hata kimoja, na ilijaa uongo mtupu," alisema. "Hiki kimoja kinanifanya niamini vyote vingine. Kumhudumia mgonjwa ni kazi ngumu, utakosea, kila mtu hukosea. Ukisema umekosea, tunawahi kutibu. Ukificha, anayelipa ni yeye, tena bila kujua." Akaikunja kadi. "Mleteeni kiti."

Baba alimbeba mama na kumkalisha kwenye kiti, juu ya mto mnene, mbele ya cherehani, kwa dakika kumi tu. Miguu yake iligusa sakafu, bado haiisikii. Kifungo aliondoa shuka, na mama akaushika mpini akaanza kuuzungusha bila uzi wala kitambaa.