Kitanda cha Pembeni

Wenzake walimwita Mbishi, naye hakulikataa jina. Mwaka wa kwanza wa fiziotherapia ulikuwa unaisha, na kesho yake alikuwa anarudia mtihani wa vitendo kwa mara ya mwisho. Akifeli, afungashe virago. Kosa lake lilikuwa moja tu, sugu kama kikohozi: akiambiwa apapase uti wa mgongo na kuzitaja pingili, badala ya kinundu cha shingo, kile kinachosogea kichwa kikigeuzwa, alianzia cha chini yake kisichosogea, na hesabu nzima ikaenda mrama mpaka kiunoni.

Habari ya kuacha hakutaka hata kuisikia. Mama yake, fundi cherehani, aliwahi kulala kitandani miezi, mgongo umegoma, na mikono ya mtaalamu mmoja ndiyo iliyomsimamisha. Binti aliiona mikono ile akaitamani.

Mchana huo chumba cha vitendo kilikuwa kimejaa. Wanafunzi walikaa wawili wawili, mmoja amelala kifudifudi mgongo wazi, mwingine amefungwa kitambaa machoni, anapapasa na kuweka alama kwa kalamu ya wanja. Mwalimu aliwaambia mikono ijifunze kuona, kisha akaenda zake kunywa chai. Kilichobaki wazi ni kitanda cha pembeni, nyuma ya pazia.

Hicho hakuna aliyekigusa. Ilisemekana zamani mwanafunzi mmoja alilala pale ili rafiki yake ajifunzie, rafiki akaleta mzaha, akamgeuza shingo kwa nguvu. Hakuinuka tena.

"Hapo silali," alinong'ona Twiga, mwenzake wa mazoezi, binti mwenye shingo ndefu iliyofaa kabisa kujifunzia.

"Kesho nikifeli utanirudisha chuoni wewe?"

"Mbishi, jamani..."

"Lala bwana. Wafu hawasomi fiziotherapia."

Twiga akaguna, akasema kwanza anafuata taulo. Mbishi akavuta pazia, akajifunga kitambaa machoni, akasugua viganja vipate joto.

Kitanda kikalia. Mtu amepanda.

"Umewahi kurudi," alisema Mbishi. "Naomba ruhusa nikuguse."

"Gusa."

Ngozi ilikuwa ya baridi. Alidhani ni feni. Akatafuta kinundu cha shingo, akaweka alama, akashuka taratibu, alama baada ya alama, mpaka kiunoni. Akajisifu kimoyomoyo. Kisha akarudi juu kuhakikisha.

"Inamisha kichwa."

Kichwa kikainama. Kikaendelea kuinama. Kikapita pale ambapo shingo ya mtu hugota. Kidole chake kikatumbukia. Palipotakiwa kuwa na pingili palikuwa na shimo.

"Mbishi!" Twiga aliita. "Unaongea na nani huko?"

Sauti ilitoka mlangoni.

Mbishi aliganda. Vidole vya baridi vikamshika kifundo cha mkono.

"Umekosea," ikanong'ona sauti kutoka kitandani. "Kama yule."

Aliogopa, tusidanganyane. Lakini hofu ilipomfika kooni iliikuta hasira imeshakaa. Alikuwa amevumilia mengi mno chumbani mle. Afukuzwe na mfu? Thubutu!

"Nimekosea, sawa," alisema kwa sauti ya chini. "Ila mimi siyo yule. Sikuja hapa kwa mzaha, na sitoki mpaka nimalize."

Vidole vikabana. Mfupa ukauma.

Akapitisha mkono wa pili chini ya paji la uso, akakibeba kichwa kile kama walivyofundishwa siku ya kwanza kabisa.

"Nipe uzito wako. Nimekushika."

Vidole vikamwachia kifundo.

Kisha kichwa kikalegea. Kizito. Pumzi ndefu ikapita. Mikono yake ikabaki mitupu.

Twiga alipofungua pazia alimkuta amekinga viganja hewani, machozi yanalowesha kitambaa. Kitanda hakikuwa na mtu. Kalamu ya wanja ilikuwa imelika nusu.

Jioni mama yake alimsugua mgongo bafuni, akaacha ghafla.

"Nani amekuchora?"

Alama za wanja zilishuka kutoka shingoni mpaka kiunoni, mahali ambapo mkono wake mwenyewe haufiki. Ya juu kabisa ilikuwa imekatwa kwa alama ya X, kama kosa la daftarini. Juu yake kidogo palikuwa na nukta nyingine.

"Weka kidole kwenye nukta hiyo, mama. Usiondoe." Akageuza kichwa kulia na kushoto. "Inasogea?"

"Inasogea. Mwanangu, twende tukaombewe."

"Kumbe ni hapo!" Mbishi akacheka peke yake. "Sugua, mama. Kesho nina mtihani."

Asubuhi msimamizi alimwambia achague kitanda. Darasa zima likamtazama akielekea pembeni. Twiga, midomo imemkauka, akamfuata akalala. Mbishi alifunga macho, akapapasa, na hakukosa pingili hata moja.

Alirudi nyumbani mbio kumwambia mama. Mama alimkumbatia kwa furaha, akainamisha uso juu ya bega lake, kisha mikono ikamlegea.

"Jana nilikusugua mpaka ngozi ikawa nyekundu," alinong'ona. "Sasa hii tiki hapa shingoni, wanja bado mbichi, amekuwekea nani?"