Kiti cha Mama Pacha

Kiti kilikuwa kimeshuka tena.

Nukta alikikuta hivyo asubuhi, ofisi imejaa jua: kiti cha Mama Pacha, aliyefukuzwa kazi wiki tatu nyuma, kimeshushwa mpaka mwisho. Mama Pacha ni mrefu kama mlingoti. Wa kukaa chini hivyo ofisini ni mmoja tu, na jina la Nukta hakupewa bure.

Akakipandisha. Akageuka. Fssss. Kikashuka polepole, kama kimekaliwa.

Kazi yao ilikuwa kutunza mitambo ya wateja, ile ya kukodi mtandaoni, isiyoshikika kwa mkono. Mitambo ya mteja mmoja hufungwa pamoja kama tita la kuni. Ukiliwasha tita, yote inawaka; ukilifuta, yote inakwenda. Ndiyo maana kila tita lina kufuli la kuzuia kufutwa, na ruhusa ya kulifungua alikuwa nayo Mama Pacha peke yake.

Siku ile, wiki tatu nyuma, Mama Pacha alikuwa chumba cha nyuma, akijikamua maziwa ya pacha wake wachanga. Nukta alitaka kuondoa mtambo mmoja chakavu katika tita la hospitali ya wazazi. Kufuli likamkatalia. Angengoja dakika kumi tu! Hakungoja. Alikalia kiti cha mwenzake, akakishusha miguu ifike sakafuni, akafungua kufuli kwa jina la mwenzake kwenye kompyuta aliyoiacha wazi, akafuta. Badala ya mtambo mmoja, likaenda tita zima, na nakala za akiba zilikuwa humohumo. Taarifa za wazazi mia nane na vichanga wao, kwisha.

Daftari la mfumo likaandika: aliyetenda, Mama Pacha. Nukta akanyamaza. Watu wataita huo woga. Mimi nauita wizi.

Sasa harufu ya maziwa yaliyochacha ilimjia puani. Kwenye skrini yake daftari likajiandika mstari mpya.

*Kufuli limefunguliwa: mlango wa nyumbani kwa Nukta. Aliyetenda: Mama Pacha.*

Akampigia mkewe. "Mlango umefunga?"

"Nimefunga mwenyewe, baba."

"Hebu kaangalie."

Nyayo zikaenda mlangoni, kisha sauti ya chini: "Uko wazi. Na nani kamwaga maziwa hapa kizingitini?"

*Kufuli limefunguliwa: kitanda cha mtoto.*

Bila kukata simu ya mkewe, akampigia Mama Pacha kwa simu ya mezani. "Dada, nakuomba, ondoa jini lako nyumbani kwangu!"

"Jini langu?" Mama Pacha akacheka kicheko kikavu. "Nilirudi nikakuta kiti kimeshushwa, Nukta. Nilijua dakika ileile."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Mkuu akanionyesha daftari. Wewe ulikuwa umesimama pale, unatazama viatu vyako. Mimi sina jini, bwana. Huyo umemfuga mwenyewe."

*Tita linafutwa: mke, mtoto.*

Na kwenye simu ya pili mkewe akawa analia kwamba mtoto yumo kitandani lakini hamshiki, mkono unapita kama kwenye moshi, na harufu ikazidi, na kiti kitupu kikawa kinapanda na kushuka, kinapanda na kushuka, fssss, fssss, mpaka Nukta akasimama katikati ya ofisi, jasho linamtiririka, akapayuka mbele ya Mkuu na wenzake wote:

"Ni mimi! Nilikaa kwenye kiti chake! Nilifuta mimi, nikamwacha afukuzwe!"

Harufu ikakatika. Katika simu mtoto alilia, kilio kizito cha mtoto mwenye mwili.

Mama Pacha alirudishwa kazini. Mkuu alimbakiza Nukta kwa kazi moja: kuwapigia wazazi wote mia nane, mmoja mmoja, aombe taarifa upya, na kila simu aanze kwa kusema nani aliyezifuta.

Kiti cha Mama Pacha hakishuki tena. Cha Nukta ndicho kinachopanda. Akiketi tu, fssss, kinamwinua mbele ya watu hadi miguu inaning'inia kama ya mtoto. Hakuna anayecheka. Siku ya kwanza alihangaika kukishusha, akavuta, akapiga, mpaka Mama Pacha akasema, bila kugeuka:

"Kaa tu, Nukta. Huo ndio urefu wangu."