Ukuta Wenye Joto

Mambo yalianza Jumanne, saa kumi na dakika ishirini alasiri, fundi wa rangi alipotoka chumba cha nyuma na kuweka brashi chini.

"Dada, ukuta niliopaka jana umerudi kuwa wa zamani."

"Labda rangi ni hafifu."

"Rangi ni ileile ya sebuleni. Na una joto kama mgonjwa wa homa. Mimi napaka kuta, sipaki watu." Akabeba ngazi yake, hata ujira hakudai.

Dada huyo, mfamasia, akabaki peke yake na nyumba yake mpya. Wanunuzi kumi na wawili walikuwa wameigombania kama mpira wa kona. Mwenye nyumba, bibi mjane, hakutaka dau tu. Alitaka kila mmoja aandike ahadi. Dalali alimnong'oneza, "Andika kwamba hutamtoa yeyote utakayemkuta. Wazee wanapenda maneno hayo." Naye, anayesoma kila cheti cha dawa mara mbili, aliandika bila kuuliza atamkuta nani, na nyumba ikawa yake. Kiinua mgongo chote cha mama yake kilikuwa kimeingia humo. Mpango ulikuwa kupaka, kuuza kwa faida, kisha kumnunulia mama nyumba yake mwenyewe.

Aliweka kiganja ukutani. Joto kweli. Ikaja harufu ya nywele zilizoungua, kisha pumzi isiyo yake, ikipanda na kushuka nyuma ya plasta kama ya mtu anayejifanya amelala, na aliposogea kushoto ikamfuata, na aliporudi kulia ikamfuata, mpaka ikasimama usawa wa sikio lake na kusema, bila haraka yoyote: "Uliahidi."

Saa kumi na moja dalali alileta wateja, mume na mkewe mjamzito.

"Hawa wanatoa mara mbili ya ulizotoa," alimnong'oneza. "Bahati haibishi hodi mara mbili, dada."

Mjamzito aliingia chumba cha nyuma, akaegemea ukuta, akafumba macho. "Kuna joto zuri. Hapa tutamlaza mtoto."

Kando yake plasta ilianza kuvimba, polepole, ikafanya kiganja kipana chenye vidole virefu kupita kiasi, na vidole vile vikajikunja kimoja baada ya kingine kumzunguka kiunoni, kuelekea tumboni, kama mtu anayepima kitambaa kabla ya kukikata.

"Toka humo, dada yangu! Toka!" Mfamasia alimvuta mkono mpaka nje.

"Una wazimu?" dalali alifoka.

Jioni mama alipiga simu. "Umeuza, mwanangu?"

"Bado, mama."

"Usihangaike. Mimi nina wewe."

Kesho yake, saa moja asubuhi, alimwambia dalali kwamba nyumba haiuzwi, si leo wala mwakani. Akarudisha chumba alichokuwa amepanga, ili pesa ya kodi ile iwe ya mama. Akajitwika godoro mpaka kwenye mlango wa nyumba ile, ambao ufunguo wake alikuwa nao mkononi. Hakuufungua. Alibisha hodi, akasubiri akaribishwe.